Kifua cha mtoto wa chini ya miaka 4: tunafanyaje picha isirudiwe?

Wa Mumias

Hamjambo wenzangu. Swali hili ni la wanaofanya eksirei katika hospitali ndogo, si zile za rufaa zenye kila kifaa. Chumba kimoja, mtaalamu mmoja kwa zamu, kaseti za CR (bamba la kupokea picha linalosomwa na kompyuta, si filamu), na kile kiti cha plastiki cha kumfungia mtoto wima hakipo. Wengi wanaoletwa ni wa miezi 3 hadi miaka 4, wanakohoa na kupumua mbio mbio, na ombi limeandikwa "kifua, nimonia?" basi.

Makosa yanayojirudia ni matatu. Picha yenye ukungu kwa sababu mtoto amecheza. Kifua kilichopinduka upande mmoja. Na picha iliyochukuliwa mtoto akiwa amemaliza hewa yote kwa kilio. Hili la tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu linampa daktari moyo mkubwa na nimonia ambazo mtoto hana.

Naomba mambo mahususi: kipi kitangulie kipi, nani ashike na ashike wapi, na unamwambia nini mtoto ambaye ameanza kupiga mayowe mlangoni. "Mtulize mtoto" tuliambiwa chuoni, inatosha.

Chumba Nambari 4, Kisumu

Ndugu wa Mumias, mpangilio ndio dawa ya nusu ya hayo. Chukulia kwamba una dakika tatu tangu mtoto avuke kizingiti. Ukizitumia kutafuta sponji na kushusha tyubu, zimekwisha na bado hujaanza.

Kwa hiyo chumba kinaandaliwa mtoto akiwa bado kwenye benchi la nje. Tyubu inayotoa mionzi iko sentimita 100 juu ya meza, imenyooka katikati. Kaseti iko mahali pake juu ya meza, haijatiwa ndani ya trei, na gridi, ule wavu wa kuchuja mionzi iliyotawanyika, imeondolewa: kifua chenye unene wa chini ya sentimita 10 hadi 12 hakihitaji gridi, na usipoiondoa unalazimika kuongeza mionzi maradufu au zaidi bila faida yoyote. Juu ya kaseti tandaza leso au shuka jepesi, tambarare, bila mkunjo. Plastiki baridi ikigusa mgongo wa mtoto uchi anaruka kama samaki, na hapo ushampoteza. Kilovoti (nguvu ya mionzi kupenya) na mAs (kiasi cha mionzi) zimeshawekwa kwenye paneli. Mwanga wa kolimeta, kile kifaa kinachobana eneo litakalopata mionzi, umeshabanwa kwa kukisia umri, utarekebisha kidogo tu. Alama ya R (kulia) au L (kushoto) imebandikwa kwenye kona ya kaseti, si juu ya bega la mtoto. Aproni za kukinga mionzi ziko kitini, si ukutani nyuma ya mlango.

Ndipo utoke nje. Usiite jina kutoka mlangoni. Nenda alipo, chuchumaa macho yako yawe usawa wa macho ya mtoto, na kwanza zungumza na mama huku mtoto akikuangalia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anasoma uso wa mamake kabla hajakuamini wewe. Mama akitabasamu, mtoto naye analegea.

Nguo ni za mwisho. Kosa la kawaida ni kuvua shati kwanza, halafu kuanza maelezo: mtoto anasimama uchi mbele ya mgeni, anaanza kulia kabla ya kazi. Mweleze mama, mvalishe aproni, mwonyeshe atakaposimama, ndipo shati livuliwe mtoto akiwa bado kifuani kwa mama. Wakati huo huo kagua: pini ya leso, vifungo vya chuma, mkufu, uzi wa hirizi, shanga za nywele zinazoangukia shingoni. Misuko yenye shanga huanguka juu kabisa ya mapafu, mahali pale pale tunapotafuta kifua kikuu. Ikusanye utosini kwa raba, usitumie kibanio cha chuma. Hirizi usiikate wala usiivute. Mwombe mama aisogeze mwenyewe hadi tumboni, nje ya mwanga. Shanga za kiunoni hazikusumbui kwa kifua, ziache. Kwa picha ya tumbo au nyonga, hapo ni mazungumzo na mama.

Kulala chali ni jambo la mwisho kabisa. Tangu mgongo uguse meza hadi ubonyeze, lenga chini ya dakika moja.

Sasa kushika. Watu wawili, si mmoja. Wa kwanza anasimama kichwani. Anainua mikono ya mtoto na kuishika juu kidogo ya viwiko, anaibana kwenye masikio pande zote mbili, ili mikono ishike kichwa na kichwa kitazame juu moja kwa moja. Akishika vifundo vya mikono tu, mtoto atazungusha mabega na kifua kitafuata. Kidevu kiinuke kidogo kisifunike ncha za mapafu. Wa pili anashika mapaja juu kidogo ya magoti, anayakandamiza sawasawa, na nyonga zikae bapa. Watu wanasahau kwamba kifua kinapinduliwa na nyonga. Ukiona goti moja limeinuka, usibonyeze, hata kama kifua kinaonekana sawa kwa macho.

Kama mshikaji ni mmoja tu, funga miguu kwa leso: tandaza leso moja, mlaze mtoto makalio yakiwa katikati, leta upande wa kulia uvuke mapaja na uingie chini ya mgongo wa upande wa pili, kisha wa kushoto vivyo hivyo, ukaze kuanzia kiunoni hadi vifundoni. Juu ya magoti weka vifuko viwili vya mchanga, kimoja kila upande, vikiegemea. Kamwe mchanga usiwekwe juu ya tumbo au kifua. Mtoto wa umri huo anapumua kwa tumbo.

Kupumua ndiko kunakoleta hiyo picha yako ya tatu. Mtoto anayelia hutoa hewa kwa muda mrefu, kisha huvuta ghafla, kwa nguvu, kabla ya mayowe yanayofuata. Mvuto huo ni mzuri kuliko wowote utakaoupata kwa mtoto aliyetulia. Bonyeza hatua ya kwanza ya swichi mapema, acha rota (sehemu ya tyubu inayozunguka) ishike kasi kama sekunde moja au mbili, macho yako yawe kwenye tumbo, si usoni. Tumbo likipanda, malizia. Usikae na hatua ya kwanza sekunde kumi ukisubiri, unaunguza waya wa tyubu bure. Achilia, anza tena.

Ukipata picha, kabla hujamwachilia mama aende, hesabu mbavu za mbele: sita juu ya kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu), au nane hadi tisa za nyuma, hewa imetosha. Linganisha ncha za mbavu za mbele kulia na kushoto. Zikiwa na urefu tofauti kuelekea kati, kifua kimepinduka. Kwa aliyezidi miaka mitatu au minne mitulinga, ile mifupa ya juu ya kifua inayofika begani, inasaidia pia, kwa wachanga ncha zake hazionekani vizuri. Na mitulinga ikikaa juu kabisa ya mapafu huku mbavu zimelala kama ngazi, mtoto alijikunja mgongo kwa nyuma: wakati mwingine weka sponji nyembamba chini ya mabega, au inamisha tyubu nyuzi 5 kuelekea miguuni.

Nyongeza fupi kuhusu moyo: kwa mtoto mchanga moyo kufika asilimia 60 ya upana wa kifua si ajabu, na kivuli cha tezi ya thaimasi kinachokaa kama tanga la mashua upande wa kulia ni cha kawaida. Andika kwenye ripoti yako kwamba picha ilichukuliwa chali, mtoto akilia. Daktari atakushukuru.

Nesi wa Watoto, Nakuru

Maelezo ya Kisumu yametosha upande wa mikono. Mimi niongeze upande wa mdomo, kwa sababu Kiswahili chenyewe hutusaliti chumbani.

Chukua neno "kupigwa". Sisi husema "anaenda kupigwa picha", "atapigwa eksirei", hatuoni tatizo. Mtoto wa miaka mitatu anajua maana moja ya kupigwa. Ukimwambia mamake, "mlete apigwe sasa hivi, ni haraka tu", mtoto aliyekuwa ametulia anashika mlango kwa mikono yote miwili, na ana haki. Sema "tunachukua picha ya kifua chako", au "mashine itaangalia mifupa yako".

La pili ni "risasi", ile metali nzito inayozuia mionzi. Aproni ya risasi. Mtoto wa miaka mitano anasikia bunduki. Kuna aliyekatazwa hata kuitazama silaha kwenye televisheni, halafu anaambiwa mama anavaa risasi. Sema "koti zito". Mwache alishike, alipime uzito wake kwa mkono mmoja. Wengi hucheka.

La tatu, "haiumi". Neno "haiumi" linabeba "kuuma" ndani yake, na mtoto husikia sehemu hiyo. Badala yake eleza kitakachotokea: "utasikia mlio, vrrr, halafu tiki, halafu mama anakubeba." Na kama kweli kitauma, kwa mfano mkono uliovunjika, usiseme uongo. Sema "tukiugeuza mkono utauma kidogo, nitahesabu hadi tatu, halafu tutaacha." Kisha acha kwa tatu, hata kama hujamaliza. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, picha ya pili utaichukua kwa nguvu za watu wanne.

Amri zote ziseme kinachotakiwa, si kinachokatazwa. "Usitingishike" ni neno refu na mtoto anashika "tingishika". "Kaa kama mjusi ukutani" inafanya kazi vizuri sana kwa aliyefika miaka minne na anaweza kusimama mbele ya stendi ya kifua: tumbo limegusa, mashavu yamegusa, mikono imekumbatia bamba. Mabega yanasonga mbele yenyewe, na hilo ndilo unalotaka ili mabega yatoke juu ya mapafu. Kwa pumzi, "vuta pumzi ushike" haieleweki. Watoto huinua mabega hadi masikioni na hewa haiingii. Sema "nusa mandazi", uone anavyovuta kwa pua, kisha "funga mdomo, mandazi yasitoroke." Fanyeni zoezi mara mbili kabla, na mara ya tatu ndiyo ya kweli, bila kumtangazia kwamba sasa ndiyo ya kweli.

Usimwulize swali ambalo jibu la "la" hutalikubali. "Unataka tuchukue picha?" Atasema hapana, sasa utafanya nini? Mpe chaguo dogo ambalo majibu yote mawili yanakufaa: "mdoli akae upande huu au ule?" "Mama ashike mkono au nyanya ashike?" Kwa watoto wa miaka miwili hadi mitatu, hilo ndilo linalowapa kiburi cha kushirikiana.

Mwanga wa kolimeta nao unatisha usipoelezwa. Zima taa nusu, uwashe mwanga huo kwenye kiganja cha mtoto kabla ya kumlaza, umwambie aushike. Mlio wa rota pia usikike mara moja akiwa kwenye mapaja ya mama, mbali na meza, bila kutoa mionzi. Ile hofu ya mlio ndiyo inayomfanya aruke wakati ule ule unaobonyeza, na ndiyo ukungu wenyewe unaouona.

Lugha ya nyumbani ina nguvu. Mtoto aliyetoka Ahero au Bondo anaweza kuwa hajakaa na Kiswahili. "Kik iluor" (usiogope, kwa Kidholuo) iliyosemwa vibaya na mgeni bado inafungua uso wake. Sentensi tatu za Kidholuo, Kiluhya, Kikuyu au Kikalenjin ziandikwe kwenye karatasi nyuma ya mlango, mama mwenyewe akusaidie kuzitamka.

Na mama? Mwambie mambo matatu tu mlangoni: utasimama hapa, utashika hapa, utamwimbia au kumwongelesha hadi nikuambie tayari. Mwombe pia asimtishie. "Ukilia daktari atakudunga sindano" inasemwa kwa nia njema kwenye korido zetu kila siku, na mtoto anaingia chumbani akikutafuta mkononi sindano iko wapi. Onyesha mikono yako mitupu.

Kwa wachanga chini ya miezi sita maneno si kitu. Maziwa na joto ndivyo kila kitu. Asubuhi za hapa Nakuru, na zaidi huko Molo, chumba kikiwa baridi mtoto hatulii hata umuimbie kwaya nzima. Anyonyeshwe, alegee, ndipo alazwe. Isipokuwa anayehema kwa shida. Huyo hanyonyeshwi kwanza.

Wa Mumias

Asanteni sana, hilo la "kupigwa" sikuwahi kulisikia hivyo, na sasa siwezi kuacha kulisikia.

Maswali ya ziada. Mama akiwa mjamzito, tufanye nini usiku ambapo nesi wa wodi hawezi kutoka? Pili, bado tunaweka kipande cha risasi kwenye sehemu za siri za mtoto kwa kila picha, wengine wanasema kimeachwa. Tatu, mashine yetu ina nguvu ndogo, muda wa kutoa mionzi hauwezi kushuka sana. Nne, sarafu na njugu. Wanaletwa wengi wamemeza vitu.

Chumba Nambari 4, Kisumu

Mjamzito hashiki, hata akijitolea. Uulize kila mwanamke wa umri wa kuzaa kabla hajavaa aproni, kwa sauti ya chini, si mbele ya wakwe. Baba, nyanya, shangazi, jirani waliyekuja naye kwenye pikipiki, yeyote mzima aliyezidi miaka 18. Sisi wafanyakazi tusiwe washikaji wa kila siku, maana sisi tuko pale kila siku. Mama anashika mara moja. Hata hivyo mshikaji asikae ndani ya mwanga. Aproni yenye kinga sawa na milimita 0.25 za risasi, au 0.35 ikiwepo, mikono nje ya eneo lenye mwanga. Picha inayoonyesha vidole vya mtu mzima pembeni mwa mbavu ni picha ya mtu aliyepewa mionzi bure. Bana zaidi wakati ujao. Mionzi inayotawanyika kutoka kwa mtoto, ukisimama mita moja pembeni, ni kama sehemu moja kwa elfu ya ile iliyomgusa, kwa hiyo hata hatua moja nyuma ina maana. Beji yako ya mionzi uvae chini ya aproni, isisahaulike kwenye koti lililotundikwa ndani ya chumba.

Kuhusu nguvu ndogo: kwa kifua cha mtoto mchanga, kilovoti 60 hadi 65, mAs 1 hadi 2 zatosha kwa sentimita 100 bila gridi. Muda ndio adui. Mashine ikitoa mA (mkondo wa umeme wa tyubu) 200, mAs 1.6 ni milisekunde 8, hata kilio hakiwahi kuleta ukungu. Ikitoa mA 50 tu, mAs zile zile ni milisekunde 32, na hapo mtoto anayehema mara 60 kwa dakika anakushinda. Chagua mA ya juu kabisa ambayo tyubu inaruhusu, na kama bado ni ndefu, pandisha kilovoti kwa asilimia 15 na ukate mAs nusu. Picha itakuwa na weusi na weupe usiotofautiana sana, lakini mstari wa mbavu utakuwa mkali. Kile kipima-mionzi kinachokata chenyewe kizime. Vijisanduku vyake vimepangwa kwa mtu mzima, na mtoto havifuniki vyote.

CR nayo inadanganya. Ukizidisha mionzi mara tatu, picha inatoka nzuri vile vile, hata inapendeza zaidi, na hakuna atakayekulaumu isipokuwa ile namba ya kipimo iliyo kwenye kona. Isome kila mara. Zamani filamu ilikuwa inakuaibisha kwa kuwa nyeusi tii.

Kakamega, zamu ya usiku

Kipande cha risasi: Chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kilishauri mwaka 2019 kwamba uwekaji wake wa kawaida uachwe, na baraza la kinga ya mionzi la huko huko, NCRP, likasema hivyo hivyo mwaka 2021. Sababu ni za vitendo. Kinasogea na kufunika nyonga uliyokuwa unaitafuta, kisha unarudia picha, yaani unaongeza mionzi mara mbili kwa jina la kuipunguza. Kwenye mashine inayojikata yenyewe, kipande kikiingia mbele ya kipimo, mashine inaongeza mionzi. Kwa kifua, mwanga ukibanwa vizuri, sehemu hizo haziko hata ndani ya eneo. Bana mwanga: juu ya mabega kidogo, chini ya mbavu za mwisho, pembeni ngozi kwa ngozi. Lakini kama mwongozo ulioandikwa wa idara yenu bado unakidai, badilisheni mwongozo kwanza kwa kikao. Usiku peke yako si wakati wa kubadilisha sheria. Na mzazi akisisitiza, mpe aproni nyumbufu, weka nyongani mbali na mwanga, mweleze. Amani ya mzazi nayo ina kazi yake.

Mzazi akiuliza hatari, mpe kipimo anachokijua. Kifua kimoja cha mtoto ni karibu milisivati 0.02 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) au chini, wakati ardhi, hewa, anga na chakula vinatupa wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani. Ni sawa na mionzi ya siku chache tu za maisha ya kawaida. Usimwambie "hakuna mionzi", atakuona na koti zito aanze kujiuliza.

Vitu vilivyomezwa. Picha ya kwanza iwe ya mbele kuanzia shingo hadi nyonga, na kichwa kimeinuliwa, kwa sababu sarafu hukwama mara nyingi juu kabisa ya umio, pale mitulinga inapokutana, na picha iliyoanzia mabegani inaikosa. Sarafu iliyo kwenye umio huonekana duara kamili kwa mbele. Sasa angalia ukingo wake kwa makini, kuza picha. Ukiona pete mbili, moja ndani ya nyingine, hiyo si shilingi. Ni betri bapa ya saa au rimoti, na inaweza kuanza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Piga simu kwa daktari kabla hujachapisha. Picha ya ubavu itaonyesha ngazi ndogo kwenye ukingo. Hapo usisubiri foleni, usisubiri risiti.

Njugu ndizo hila. Njugu, maharagwe na mahindi havionekani. Mtoto aliyekohoa ghafla akila njugu anaweza kuwa na picha safi kabisa. Ukitaka kusaidia, mlaze ubavu ule unaoshukiwa uwe chini, mionzi ipite mlalo: pafu la chini kwa kawaida hubanwa na kupungua. Likibaki limejaa hewa na jeusi, kuna kitu kimeziba njia. Hii ni rahisi kuliko kumwomba mtoto wa miaka miwili atoe hewa yote. Na picha safi haimalizi shaka, iandike hivyo. Mwiba wa samaki wa ngege kooni nao unaweza usionekane hata kwa picha nzuri ya shingo ya ubavu.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja: mtoto anayetoa mlio wa kukwaruza akivuta hewa, anayedondokwa na mate, ameketi mbele na kidevu kimetokeza. Usimlaze chali. Usimtenge na mama. Akilala njia inaweza kufunga. Picha akiwa ameketi mapajani mwa mama, oksijeni pale pale, na nesi chumbani, au usichukue picha kabisa hadi daktari aje. Vilevile anayehitaji oksijeni aje na mtungi wake. Mrija wa puani hauharibu picha, usiutoe.

Na kwa sisi tulioko karibu na ziwa, watoto wenye seli mundu. Huyo mtoto ameshapigwa, samahani Nesi wa Nakuru, ameshachukuliwa picha nyingi kuliko sisi wote. Zima feni na eyakondisheni kabla hajaingia, maana baridi inaweza kumwamshia maumivu, na meza itandikwe. Muulize yeye mwenyewe ni wapi panauma sana, hapo paguswe mwisho. Mtoto mchanga aliyevimba viganja na nyayo ashikwe kwenye vifundo, vidole viachwe. Viganja vyote viwili vinatosha kwenye kaseti moja, kwa mara moja.

Nesi wa Watoto, Nakuru

Nimekusamehe.

Swali lililobaki nyuma ni la wasichana. Kuanzia miaka 12 hivi, kwa picha za tumbo na nyonga, muulize hedhi ya mwisho akiwa peke yake, usije ukampa mionzi akiwa na mimba. Mama aombwe akachukue karatasi kwa karani, dakika mbili zinatosha. Ukiuliza mbele ya mama, jibu ni lile lile kila siku, na halina thamani.

Na kiwiko. Kipindi cha maembe na mapera tunapata wengi walioanguka mtini, mfupa umevunjika juu kidogo ya kiwiko. Dawa ya maumivu itolewe kwanza, paracetamol miligramu 15 kwa kilo ikiwa daktari ameidhinisha, na isubiriwe nusu saa. Gusa mapigo ya kifundo na uone vidole kama vina joto kabla na baada. Mkono usinyooshwe kwa nguvu wala kukunjwa kwa nguvu. Zungusha tyubu na kaseti, mkono ubaki ulivyo. Mtoto mwenyewe akiusogeza kwa mkono wake wa pili husogeza zaidi kuliko ungemsogezea wewe.

Wa Mumias

Hapa kwetu mfuko wa mchanga ni mmoja. Wa pili unatengenezwaje usivuje?

Chumba Nambari 4, Kisumu

Mchanga wa mto uoshwe mara tatu, ukaushwe juani hadi usishike kidoleni. Kilo moja na nusu ndani ya mfuko mzito wa plastiki, ufungwe, uingie ndani ya mfuko wa pili. Nje shona kifuniko cha ngozi bandia ya viti, mshono mara mbili. Usijaze hadi juu, uache theluthi tupu ili ujikunje na kukumbatia mguu. Mfuko uliojaa hubingirika. Kisha uweke kwenye kaseti peke yake uuchukulie picha: kama kuna vijiwe vya chuma ndani vitaonekana, umwage uanze tena. Ngozi bandia ifutwe kwa spiriti kila baada ya mtoto, na mdoli pia. Mdoli wa plastiki, si wa manyoya.